Daktari wa usingizi mwenye hataza mkononi

Tukisoma wasifu wa daktari wa usingizi, yaani anayemlaza mgonjwa kwa dawa wakati wa upasuaji, ambaye pia ana hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) kwa jina lake, wengi huuliza papo hapo: huyu ni tabibu au mfanyabiashara? Swali ni la haki. Kifaa kikiuzwa yeye hunufaika, na ndiye huyohuyo anayekiingiza kinywani mwa mgonjwa aliyelala, asiyeweza kukataa. Hata makala ya kwanza kuhusu barakoa ya koo, kifaa cha kumpitishia hewa mgonjwa aliyelazwa, ya mwaka 1983, iliandikwa na mvumbuzi wake peke yake, Archie Brain wa Uingereza.

Lakini itazameni kazi yenyewe. Kabla ya kifaa hicho, daktari alikuwa na njia mbili kuu. Ama akandamize barakoa usoni mwa mgonjwa huku akiinua taya kwa vidole, dakika baada ya dakika, mpaka mkono ufe ganzi. Ama apitishe mrija katikati ya nyuzi za sauti, jambo linalotaka ustadi, mara nyingi pamoja na dawa ya kulegeza misuli, na ambalo huweza kumwachia mgonjwa maumivu ya koo. Adha hiyo anaijua aliyeishika taya. Brain hakuwa mhandisi; kabla ya udaktari alisomea lugha Oxford. Mwaka 1981, jijini London, aliunganisha mrija na barakoa ndogo ya pua iliyotumiwa kwa wagonjwa wa meno, ili ikae juu ya zoloto, sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti, bila kupenya ndani. Kifaa kiliingia sokoni Uingereza mwaka 1988.

Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria nusukaputi milioni 2.9 kwa mwaka. Takriban asilimia 56 zilitumia vifaa vya jamii hii. Maana yake ni zaidi ya watu milioni moja na nusu kila mwaka, katika nchi moja tu, waliopumua bila mrija kupita kwenye nyuzi zao za sauti. Barakoa ya kushikwa kwa mkono ilibaki na kama asilimia 5. Tangazo la biashara peke yake haliwezi kubadilisha mazoea ya taaluma nzima kiasi hicho.

Uchunguzi huohuo ulionyesha pia kwamba, katika ajali za njia ya hewa wakati wa usingizi, kilichoua zaidi ni uchafu wa tumbo kuingia mapafuni, na barakoa ya koo haizibi njia hiyo kama mrija. Kasoro hii Brain hakuifunika. Toleo lake la mwaka 2000, ProSeal, lina mfereji wa pili wa kutolea maji ya tumbo.

Kwa hiyo maslahi yatangazwe hadharani na majaribio yasimamiwe na wengine. Ila kumtaka mvumbuzi achague kati ya hataza na chumba cha upasuaji ni kumwondoa pale pale anapoziona kasoro za kifaa chake kabla ya mtu mwingine yeyote.