Tabora: miezi minne ambayo binti hana shule

Kila mwaka wasichana wapatao milioni 12 duniani huolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Lengo la dunia ni kukomesha hali hiyo ifikapo 2030, lakini mwaka 2023 UNICEF ilikadiria kwamba kwa mwendo uliopo itachukua miaka 300. Kwa mtendaji wa kata kule Kaliua au Sikonge, mkoani Tabora, tarehe zina faida kuliko takwimu hizo.

Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, kidato cha kwanza ni Januari. Hapo katikati binti hayumo kwenye mahudhurio ya shule yoyote, na ndipo mshenga anapobisha hodi. Pesa ya tumbaku nayo imeshaingia (kama chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kimelipa kwa wakati, jambo ambalo si la kutegemea). Wapo wazazi wanaoanza mapema zaidi: humwagiza binti ajaze majibu ya uongo ili afeli.

Wanajua wanachofanya. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi au kumpa mimba. Ni kali, ila inamlinda mwanafunzi tu. Aliyefeli anabaki na Sheria ya Ndoa ya 1971, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17 vinaruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya baba. Mahakama Kuu ilivibatilisha Julai 2016 katika shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi na kuipa Serikali mwaka mmoja ivirekebishe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Oktoba 2019. Mwaka ukapita, na mingine ikafuata bila marekebisho. Kibaya zaidi, Kanuni ya Adhabu inahesabu ngono na binti wa chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata akiridhia, isipokuwa awe mke aliyetimiza miaka 15 na hawajatengana. Ndoa ikifungwa, kosa linageuka unyumba.

Kwa hiyo, Bunge liendelee kubanwa, lakini kata isilisubiri. Kabla ya Septemba, mwalimu mkuu aandae orodha ya mabinti wa darasa la saba, kila jina na nakala ya cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki. Kesi nyingi hufia kwenye umri: shahidi wa umri ni mzazi, na mzazi huyo ndiye aliyepokea mahari. Umri ulioandikwa siku ya kuandikishwa mara nyingi ulitajwa kwa mdomo, na wakili wa utetezi hulijua hilo. Nakala moja ikae kwa mtendaji, nyingine Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Halafu watembelewe nyumbani, mwishoni mwa Oktoba na tena Desemba majina ya waliochaguliwa yakishatoka. Binti aonekane kwa macho. Jibu la "amekwenda kwa shangazi yake" lifuatiliwe hadi kwa huyo shangazi, na likitia shaka ipigwe 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ada ilifutwa, lakini sare, godoro na umbali havikufutwa. Binti anayepangishiwa chumba peke yake karibu na shule yuko hatarini, hivyo michango ya kijiji ianze na hosteli kabla ya uzio. Na waliofeli wasikatwe kwenye orodha: wapelekwe kwenye vituo vya elimu ya watu wazima wanakoweza kusoma sekondari nje ya mfumo rasmi, na ziara za nyumbani kwao ziendelee hadi watimize miaka 18.