Ramani Iliyomo Ndani ya Zilipendwa

Mtoto anayeimba mikoa yote ya Tanzania bila kukosea, mwulize Tabora iko upande gani wa Dodoma. Ataanza wimbo upya kimoyomoyo, akifika Tabora atanyamaza. Wimbo umempa mpangilio wa sauti, mpangilio wa nchi haumo. Kwa maoni yangu nyimbo za kukariri majina ziishie madarasa ya chini. Kuanzia darasa la nne, jiografia ifundishwe kwa muziki wenyewe, uliopigwa na watu waliotoka mahali wakaenda mahali.

Zilipendwa, yaani nyimbo za dansi za zamani, zinafaa kuanzia, maana bendi nyingi za miaka ya 1960 zilijiita kwa majina ya miji: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Dar es Salaam Jazz, Kilwa Jazz. Tanga nayo ilikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Unahitaji ramani ya ukutani yenye skeli ya 1:2,000,000, yaani sentimita 1 kwa kilomita 20, uzi wa mita moja, rula, pini za rangi mbili, na spika inayosikika hadi dawati la nyuma. Ukitumia ramani ya kudurufu, usiamini skeli ya tarakimu: karatasi ikipunguzwa kwenye mashine, ile 1:2,000,000 inageuka uongo. Tumia skeli ya mstari, hiyo hupungua pamoja na ramani.

Katika kipindi cha dakika 40, wimbo upewe dakika mbili tu, na uukate kabla ya chemko, ile sehemu ya mwisho ya kasi ya kuchezea. Chemko likianza hakuna anayetazama ramani tena. Usikilize wimbo mzima nyumbani kwanza, kwa sababu zilipendwa zimejaa pombe na nyumba ndogo, na darasani utaulizwa maana.

Sasa uzi. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ukiunyoosha unapata kama sentimita 9, kilomita 180. Hadi Tanga unapata 9 na nusu, kilomita 190. Watoto watasema miji hii miwili iko mbali sawasawa na Dar. Hapo waambie basi la Morogoro hutembea kama kilomita 190, lakini la Tanga karibu 350, kisha nyamaza. Wapo watakaosema dereva anazunguka kutafuta abiria, na hawajakosea sana: barabara kuu inakwenda magharibi hadi Chalinze, inapanda kaskazini hadi Segera, ndipo inageuka mashariki kuifuata bahari iliyoiacha. Waulaze uzi juu ya barabara yenyewe wapime tena. Watapata pungufu ya sentimita 17 na nusu walizotarajia. Wasifute. Ramani ya skeli ndogo hunyoosha kona, na somo hilo halikai kichwani kwa maelezo ya ubaoni.

Tabora ni uzi wa sentimita 37, kilomita 740, ilhali kwa treni ni kama 840. Hapa ndipo Reli ya Kati inapoingia: ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Tanga ilikuwa na reli yake tangu miaka ya 1890. Chomeka pini za bendi, pitisha uzi wa reli, kisha uliza kwa nini pini zimekaa juu ya uzi. Watataja stesheni, mashamba ya mkonge, watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi.

Halafu Kilwa inaharibu mpangilio, maana haina reli. Usiikwepe. Kilwa Jazz makao yake yalikuwa Dar es Salaam, sawa na Western Jazz, iliyobeba jina la magharibi alikotoka mwanzilishi wake. Kwa hiyo pini nyekundu iwe ya makao, ya njano iwe ya asili ya jina. Bendi ambayo pini zake haziko pamoja imekupa somo la uhamaji bila kufungua kitabu. Mwalimu anayetumia rangi moja anafundisha kosa.

Darasa la sita wapewe safari ya mwimbaji Samba Mapangala: Matadi, Kinshasa, Kampala, hadi Nairobi mwaka 1977. Matadi ni bandari kwenye Mto Kongo, lakini meli haipandi hadi Kinshasa kwa sababu ya maporomoko. Mzigo hushushwa ukapanda treni au lori. Bendi yake ya Nairobi iliitwa Orchestra Virunga, na ukiwaacha wenyewe watachomeka pini Kenya. Virunga ni safu ya volkano nane mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Lava ya mmojawapo, Nyiragongo, iliingia mjini Goma mwaka 2002.

Taarabu inahitaji uangalifu. Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, alikwenda Bombay (sasa Mumbai) kurekodi mwaka 1928, na mwalimu hupata hamu ya kusema alipelekwa na kusi. Meli za moshi zilikuwepo, hazingoji upepo. Kaskazi na kusi zinaeleza jambo jingine: kwa nini Unguja na Bombay zilijuana karne nyingi kabla yake.

Bongo Fleva nayo inafaa kwa ramani ya mji. TMK ya kundi la TMK Wanaume ni Temeke, mtoto yeyote wa Dar anajua, ila wengi hawajawahi kuulizwa iko upande gani wa bandari.

Mtihani wake ni ramani tupu, dira na skeli, na bendi moja ambayo hawakuisoma, pamoja na maelezo mafupi ya safari zake. Alama zitolewe kwa pini na kwa umbali. Jina la mwimbaji lisipewe hata moja. Zikibaki dakika tatu kengele igonge, washa spika wakusanye pini: hapo sasa chemko liachwe.