Pumzi Tano na Jina la Kwetu

Mara ya kwanza nilipoliona jina Imani Winds nilidhani ni kwaya. Kwetu Imani ni jina la binti, la kwaya ya mtaa, la zahanati, la basi la mikoani. Kumbe ni wanamuziki watano wa New York, kila mmoja na chombo chake cha kupuliza: filimbi, obo, klarineti, honi na basuni. Kundi lao lilianza 1997, na jina walilichukua kwetu, herufi kwa herufi.

Nimesikia watu wakilinung'unikia jambo hili. Wamarekani Weusi, wanasema, wanaokota maneno yetu kama shanga za kujipambia. Wazee wao wengi walichukuliwa Afrika Magharibi, sasa Kiswahili wamekipatia wapi? Naielewa hoja hiyo, lakini kwa hawa watano naikataa kabisa. Kiswahili walikipata mahali panapojulikana. Mwaka 1966 mwanaharakati Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, huko California, akaziita nguzo zake saba kwa Kiswahili, kwa sababu alitaka lugha isiyofungwa kwenye kabila moja. Ni miaka ile ile ambayo neno ujamaa lilikuwa linavuma kutoka Tanzania hadi ng'ambo. Nguzo ya kwanza ni Umoja. Ya saba, ya kufungia, ni Imani.

Valerie Coleman, mpiga filimbi na mtunzi aliyeliunda kundi, alizishika zote mbili. Imani akaipa kundi. Umoja akaufanya wimbo, kwanza kwa kwaya ya wanawake, kisha akaupanga upya kwa vyombo vitano.

Nami nasema neno imani halijawahi kupata kazi inayolifaa kuliko hii.

Katika Kiswahili chetu imani si kusadiki dini tu. Ukisema fulani hana imani, unamaanisha ni mkatili, hamwonei mwenzake huruma. Neno lenyewe ni ndugu wa amini, amana na amani. Amana ni kile unachomwachia mtu akutunzie ukiwa na hakika utakikuta. Sasa watazame hawa watano kazini. Hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza. Hakuna ngoma ya kuwashikia mwendo. Ukipata video yao, usiangalie vidole, angalia vifua. Nukta moja kabla ya sauti ya kwanza wote wanavuta pumzi pamoja, kwa kina kimoja na kasi moja, na kutokana na pumzi ile kila mmoja anajua wimbo utaanza lini, utakwenda mbio kiasi gani, utakuwa mpole au mkali. Ishara ni hiyo tu. Kila mmoja amewaachia wenzake wanne amana ya wimbo wake.

Na vyombo vyenyewe si vya tumbo moja. Fidla mbili, viola na selo ni ndugu, zote ni nyuzi juu ya ubao, sauti zao zinachanganyika zenyewe. Hivi vitano vinafanana na wapangaji wa nyumba ya uani Kariakoo, kila mtu na kwao. Filimbi hupulizwa hewa ikakatwa na ukingo wa tundu. Klarineti ina ulimi mmoja wa tete. Obo na basuni zina ndimi mbili nyembamba zilizofungwa pamoja, zinatetemeka katikati ya midomo. Honi, ile iliyojiviringa kama konokono, haina ulimi wowote, mtetemo wake ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Chombo kimoja kikizidishiwa nguvu hata kidogo kinawameza wengine. Kwa hiyo mpiga honi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, muda mwingi kazi yake ni kujizuia ili sauti ya chini ya filimbi isikike. Hiyo nayo ni imani, ile ya kumwonea mwenzio huruma.

Mtu anayedhani huu ni muziki wa kustarehe na mavazi mazuri akamtazame mpiga obo mezani kwake. Atamkuta na kisu kidogo anakwangua tete, anapuliza, anasikiliza, anakwangua tena. Akikosea unywele mmoja ametupa kazi ya siku. Akipatia, ulimi ule utamfaa kwa muda mfupi tu, kisha anarudi kwenye kisu.

Katika kundi hili obo ilikuwa mikononi mwa Toyin Spellman-Diaz, klarineti kwa Mariam Adam, honi kwa Jeff Scott, basuni kwa Monica Ellis. Baadaye Mark Dover akaichukua klarineti, Brandon Patrick George filimbi, Kevin Newton honi. Ellis na basuni yake wamekuwa pale tangu mwanzo.

Ninalowaheshimia zaidi ni kwamba hawakungoja waletewe nyimbo. Muziki wa vyombo hivi vitano ulikomaa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 19, hasa kwa mkono wa Anton Reicha pale Paris, aliyetunga vipande 24, na kwa miaka mingi waliouendeleza walikuwa karibu wote watu wa huko. Imani Winds wangeweza kupiga kazi hizo na kusifiwa. Badala yake wakatunga wenyewe, na wakawaendea watunzi wengine wawatungie, hata Wayne Shorter, bingwa wa jazi, akawaandikia kazi. Jeff Scott alitunga Passion for Bach and Coltrane juu ya mashairi ya A.B. Spellman, babake Toyin, na 2024 rekodi yake ikapata tuzo ya Grammy. Na Umoja? Mwaka 2019 okestra ya Philadelphia iliupiga kwa sura mpya ya okestra nzima, mara ya kwanza kwa okestra hiyo kupiga kazi ya mtunzi mwanamke Mmarekani Mweusi aliye hai. Okestra ile ilianzishwa 1900. Hesabu mwenyewe miaka, kisha kumbuka kwamba mlango ulifunguliwa na kazi yenye jina la Kiswahili.

Kwetu nani amesikia? Nimewauliza walimu wawili wa muziki, watu ninaowaheshimu, na wote hawakuwa na habari. Nilipowaeleza, mmoja akasema, "Lakini ndugu yangu, huo si muziki wetu." Kauli hiyo imenikaa kooni, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Si wetu kivipi? Lamu na Pate walikuwa na siwa tangu zamani, na siwa ya Pate, pembe ya ndovu iliyochongwa, ndefu kuliko mtu, bado ipo makumbusho ya Lamu kwa anayetaka kuiona. Dar harusi haijanoga mpaka matarumbeta yapite juu ya pikapu, bwana harusi akifuata nyuma. Uchagani makanisa ya Kilutheri yana vikundi vya tarumbeta ambavyo wajukuu wamerithi kwa mababu. Watu wa kupuliza ni sisi.

Na zumari je? Nikiwa mdogo nilisimama kwenye duara la kirumbizi, vijana wakichezeana fimbo, na sikuziona fimbo, macho yangu yalikuwa kwa mzee wa zumari. Mashavu yamemtuna, jicho limemtoka, na wimbo haukatiki. Nilingoja avute pumzi nikachoka kungoja. Baadaye nikamfuata. "Babu, unapumua saa ngapi?" Akacheka. "Mwanangu, shavu ndiyo ghala. Ukitoa huku, unaingiza puani." Zumari lake, kama obo, linalia kwa ndimi za mmea zinazotetemeka mdomoni. Ni jamaa wa damu.

Mzee yule yu hai. Mwezi uliopita nilimpelekea Umoja kwenye simu, nikamwekea spika sikioni kwa kuwa masikio yamemwishia. Honi ikaimba, wengine wakaitikia kama watu waliokaa duara. Hakuuliza ni akina nani wala wanatoka wapi. Vidole vyake vilikuwa vinatembea juu ya goti, vinatafuta matundu. Obo ilipoingia akanishika mkono nisiongee. Kimya, mpaka mwisho. Kisha akasema, "Huyo mwenye sauti nyembamba, nirudishie. Nataka kusikia anapumulia wapi."