Hesabuni mafiga, msihesabu vibanda

Kila mto Sabaki, huku Kilifi, unapofurika, na kila Ramadhani inapokaribia kwisha, picha huwa ni ileile: bango mbele, wafadhili wamejipanga, na mama mmoja anakabidhiwa pakiti ya unga ya kilo 2. Picha hiyo inaniuma kwa ajili ya wasiokuwemo. Ni vibarua waliotoka Bamba, Ganze na hata Kitui kuja kulima nyanya, mabenda na matikiti ya watu huko Langobaya na Garashi, kando ya Sabaki. Wanalala na watoto wao kwenye vibanda vya makuti humohumo shambani, na majina yao hayamo kwenye orodha ya chifu wa huku wala wa kule kwao.

Tatizo ni hiyo orodha. Huandikwa barazani, asubuhi ya siku ya kazi, na mzee wa kijiji ndiye anayesema huyu namjua, huyu simjui. Kibarua hana wa kumtambua. Akienda kupanga foleni, amepoteza malipo ya siku nzima na nauli ya boda, na pakiti moja ya unga hairudishi hizo. Basi haendi, na sisi tunaandika kwamba eneo limehudumiwa.

Orodha ya vibarua iandikwe kambini, wakati wa magharibi, watu wakishatoka shambani na moto umewashwa. Hesabuni mafiga. Kibanda kimoja chaweza kulaza familia tatu, na familia moja ikagawanyika vibanda viwili, lakini kila mama ana mafiga yake. Andikeni jina la mama, wangapi wanakula chungu kile, wangapi hawajafika miaka mitano, na namba ya simu hata ikiwa ya jirani. Nyapara asipewe magunia akagawe, wala mwenye shamba. Chakula kikipitia mkono unaolipa kibarua kinageuka deni: kitakatwa siku ya malipo, au atanyimwa yule aliyedai haki yake. Haya, nyapara anahitajika, maana ndiye anayejua kambi ziko wapi na mavuno yanaisha lini. Muulizeni hayo mawili, yatosha.

Na msikawie. Nyanya huchumwa wiki chache, zikiisha watu wanahama. Mkija na orodha ya mwezi uliopita mtakuta majivu. Mkiandika Alhamisi, gaweni Jumapili.

Kuhusu kiasi, tuambiane kweli. Mtu mmoja huhitaji kama gramu 400 za unga kwa siku. Nyumba ya watu 5 humaliza kilo 2 kwa siku, kwa hiyo pakiti ile ya pichani ni ugali wa siku moja. Mwezi ni kilo 60, pamoja na kilo 9 za ndengu au kunde na karibu lita 4 za mafuta. Ndengu, kwa sababu maharagwe makavu hula kuni nyingi mno. Unga wa kugawia watu 300 pakiti moja moja ungelisha nyumba 10 kwa mwezi mzima. Mimi nitachagua nyumba 10.

Maji nayo. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, vinasukuma maji mpaka Malindi na Mombasa, na mtoto aliye hatua chache kutoka mto huohuo anakunywa tope. Tunawapelekea vidonge vya kutibu maji bila maelezo. Kidonge cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji maangavu. Sabaki ya masika ni nyekundu, na udongo huimaliza klorini kabla haijaua vijidudu. Maji yaachwe yatulie usiku kucha, ya juu yamiminwe taratibu, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo kidonge kitiwe na kusubiriwa dakika 30. Halafu tazameni mtungi wenyewe. Mara nyingi ni ule uliokuja na dawa ya kunyunyizia nyanya: umeoshwa, haunuki, lakini sumu imeshaingia kwenye plastiki. Kwa hiyo vidonge viende pamoja na mtungi mpya wenye kifuniko.

Pelekeni pia faili gumu la plastiki la kuhifadhia kitabu cha kliniki. Chanjo ya surua ni miezi 9 na tena miezi 18, na kitabu kikilowa safarini hakuna anayekumbuka ipi imeshachomwa.

Zakatul fitri ina wakati wake, kabla ya sala ya Idi, na haisogezwi. Sadaka nyingine hazina tarehe. Kwenye mashamba ya mahindi, palizi ya pili ikiisha kazi hukauka, na kuanzia Juni mpaka mahindi yavunwe vyungu hukaa vitupu. Wekeni nusu ya michango ya Ramadhani hadi miezi hiyo, na mwende jioni.