Likizo ya mhadhiri: apumzike au aitazame upya kozi yake?

Mitihani ya muhula wa pili ikiisha, mwanafunzi hufunga begi akaelekea stendi. Mhadhiri hubaki na marundo ya vitabu vya majibu. Akimaliza kusahihisha, kuna fildi: wanafunzi wa ualimu wametawanyika mashuleni na lazima awafuate huko huko kuwakagua. Akirudi, anakuta sapu, yaani mitihani ya marudio, zinamsubiri, na muhula mpya uko mlangoni.

Kisheria, likizo ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inatoa zisizopungua siku 21 za kazi. Lakini likizo ya kwenye fomu na likizo ya mwilini ni vitu viwili. Ndiyo maana wenzangu wengi wakiambiwa watumie mapumziko kutafakari kozi zao, wanakataa. Nawaelewa.

Hoja yao nimeionja mwenyewe. Mwaka mmoja nilikaa kurekebisha kozi yangu ya upimaji na tathmini siku moja tu baada ya kukabidhi matokeo. Nilifuta mada tatu kwa sababu wanafunzi wengi walizifeli. Muhula ulipoanza, nikagundua kwamba mojawapo ndiyo iliyobeba kozi yao ya mwaka unaofuata, nikairudisha mbio mbio wiki ya nne. Ule haukuwa uamuzi wa kitaaluma. Ulikuwa uchovu ulioshika kalamu.

Upande wa pili nao una uzito. Kozi isiyoguswa huchakaa, na wa kwanza kujua ni wanafunzi: madesa (notisi wanazorithishana) ya mwaka juzi yakilingana neno kwa neno na mhadhara wa leo, nani atahangaika kuja darasani?

Na kuna jambo ambalo likizo ndefu hulifuta kabisa. Katika mtihani wa juzi, swali la 3 liliwataka wanafunzi watafute wastani wa alama za darasa, kisha waeleze kwa nini wastani ule unaficha hali ya wanafunzi wa mkiani. Kitabu baada ya kitabu, hesabu ilikuwa sahihi hadi desimali ya pili, na chini yake nafasi tupu. Walijua kukokotoa, hawakujua wamekokotoa nini. Nisingeliandika siku ile ile, lisingenirudia kichwani miezi mitatu baadaye.

Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya mapitio rasmi ya mitaala, kama yale yaliyoingizwa katika HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ambao Serikali ya Tanzania iliuanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Mapitio hayo yanahitajika sana. Ila kamati hupanga kozi zipi zifundishwe na kwa uzito gani. Ile nafasi tupu chini ya swali la 3 aliiona msahihishaji peke yake.

Kwa hiyo naona tunagombana bure kwa kuwa tumechanganya kazi mbili. Kukumbuka kufanyike wakati wa kusahihisha, ukurasa mmoja, bila kuamua lolote. Kuamua nako kungoje hadi mtu amelala vya kutosha, amekaa na watoto, ameona shamba lake. Katikati ya hapo pasiwe na warsha wala barua pepe ya idara inayotaka jibu kabla ya saa kumi.

Wahadhiri wa muda ni suala jingine. Hawa hulipwa kwa saa wanazofundisha, hivyo muhula ukifungwa na kipato kimefungwa. Siwezi kumwambia mtu huyo atafakari kozi bure. Chuo kinachotaka kozi iboreshwe kimlipe saa hizo.

Ukurasa wangu wa mwaka huu una mistari mitano. Wa kwanza unasema: “Swali la 3: waanze na maana, hesabu ifuate.” Nimeufungia kwenye droo ya ofisini, na ufunguo nimemwachia katibu wa idara hadi tutakapofungua.