Diski nyumbani au wingu: kazi zetu zilale wapi?

Mpiga picha, mhariri wa video au mtunzi wa muziki anayefanyia kazi nyumbani hufikiwa na siku ambayo kompyuta imejaa, na hapo ubishi huanza. Wapo wanaosema nunua NAS, lile sanduku la diski linalochomekwa kwenye ruta, ili kila kitu kikae chini ya paa lako. Wengine wanasema achana na vyuma, lipia wingu, yaani nafasi kwenye kompyuta za kampuni unazozifikia kwa intaneti.

Hesabu ziko upande wa nyumbani. Video ya 4K iliyorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 hivi kwa saa moja. Kupakia terabaiti 1 kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, usiku na mchana, bila kukatika. Diski ya nje huimaliza kazi hiyo kwa saa chache, na ukishainunua hudaiwi ada ya mwezi.

Lakini wengi huliamini lile sanduku kuliko linavyostahili. Diski mbili zinazobeba kitu kilekile, yaani RAID 1, hukukinga na jambo moja: moja ikifa, nyingine inaendelea. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, imefutika kote kuwili papo hapo. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huingia humo humo, na mwizi hubeba sanduku zima.

Wingu linakupa umbali, kitu ambacho nyumba haina. Hata hivyo, wingu nalo ni jengo la mtu. Machi 2021 kituo cha data cha kampuni ya wingu ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wapo wateja waliopoteza data zao moja kwa moja. Mwaka 2019 mtandao wa kijamii wa MySpace ulikiri kwamba muziki, picha na video za miaka mingi zilipotea wakati wa kuhamisha seva. Mwanamuziki aliyekuwa ameacha pale nakala yake pekee hakuwa na pa kuidai.

Mimi nilipoteza kwa namna nyingine. Diski yangu ya kazi ilianza kugonga: tik, tik, kimya, tik. Sikuhangaika, kwa kuwa nakala nilikuwa nayo. Nilipofungua mradi kutoka diski ya pili, kila kipande kwenye mstari wa kuhariri kilikuwa chekundu. Nilichonakili kilikuwa faili la mradi tu, megabaiti chache za maelekezo. Video na sauti zenyewe zilibaki kwenye folda nyingine, kwenye diski ile iliyokuwa ikigonga. Humo mlikuwa na mahojiano ya mzee mmoja aliyefariki miezi miwili baada ya kurekodiwa. Fundi alijitahidi. Kati ya saa mbili alizozungumza, nimebaki na dakika 11.

Ndiyo maana kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh, naiona ina uzito kuliko ubishi wote huu: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Kwa mwenye terabaiti chache, nisingeanza na NAS. Ningenunua diski mbili za kawaida za nje, moja nimwachie ndugu na kuzibadilishana kila baada ya wiki kadhaa. Wingu ningeliachia kile kisichorudiwa: sauti ghafi, picha zilizochaguliwa, mafaili ya miradi. Video iliyokwisha kukamilika inaweza kutengenezwa upya kutoka kwenye malighafi yake. Mzee yule hawezi kuhojiwa tena.

Wanaopinga wana hoja moja ninayoikubali. Kubadilishana diski kunategemea mtu akumbuke, na kazi zikibana mtu husahau. NAS na wingu hunakili zenyewe usiku umelala. Kwa hiyo ukijijua wewe si mtu wa ratiba, lipia kinachojiendesha, mradi ukague kinafanya kazi.

Kukagua si kutazama alama ya kijani kwenye skrini. Kila mwanzo wa mwezi nachagua mradi mmoja wa zamani, nachomoa diski ya kazi na kuufungua kutoka kwenye nakala peke yake. Mwezi uliopita video zote zilicheza, ila fonti mbili za maandishi hazikuwemo. Nimezitia kwenye folda ya mradi, nikanakili upya.