Huyo Si Ndege, Mwalimu

Kwa kuwa rafiki yangu mwendesha projekta ameshawatangazia watu kwamba nilimtukana mwalimu wetu mbele ya ukumbi mzima, naona ni haki nami nisikilizwe. Sikumtukana. Nilijibu tu maoni yake juu ya filamu ya wanyama niliyokuwa nikiihariri, ila niliyajibu kwa sauti niliyoirekodi usiku wa manane, nikiwa peke yangu na usingizi wangu, na ambayo haikukusudiwa kusikiwa na kiumbe yeyote isipokuwa duma.

Mnaohariri filamu mnajua kwamba kabla msimulizi halisi hajapatikana, mhariri hujirekodi mwenyewe akisoma simulizi la muda ili apime urefu wa picha. Simulizi hilo hukaa kwenye njia yake ya sauti, yaani safu inayoweza kuwashwa au kuzimwa peke yake, na katika njia hiyo mimi nilikuwa pia nikijisemea, kwa sababu maoni ya mwalimu yalikuwa mengi na kila moja lilidai jibu. Mengine yalikuwa ya haki kabisa: nyumbu wangu walikuwa wakivuka mto kwa muda mrefu kuliko nyumbu wa kweli, na ngoma nilizoweka zilimfanya kobe aonekane anakwenda vitani. Nilirekebisha. Lakini yale ya dakika ya 4, sekunde ya 12, yaliniuma: "Ondoa sauti ya ndege, inaharibu utulivu wa duma."

Hapakuwa na ndege. Duma hangurumi kama simba au chui. Anapomwita mtoto wake hutoa mlio mwembamba, wa juu, unaofanana mno na wa ndege, na mpiga picha wetu aliungua jua mpaka akaupata. Nikalieleza jambo hilo kwenye kipaza sauti kwa uchungu, nikaizima njia ile, nikaendelea na kazi. Baadaye, nilipokuwa nikipunguza kelele za upepo kama nilivyoagizwa, niliwasha njia zote ili nilinganishe viwango, kisha nikatoa nakala ya mwisho. (Ninyi mnaojiandaa kuniandikia kwamba nakala ya mwisho husikilizwa yote kabla ya kuonyeshwa, asanteni, nimeshaambiwa.)

Basi ukumbi uko gizani. Duma amesimama juu ya kichuguu, nyasi zinayumba, mtoto haonekani. Mama anafungua kinywa, anatoa mlio wake mwembamba, na watu wananyamaza kwa heshima. Kisha duma huyohuyo, kinywa kingali wazi, anapiga mwayo wa binadamu. Niliutambua mwayo ule kabla haujaisha. "Huyo si ndege, Mwalimu," duma akasema kwa sauti yangu, taratibu, neno moja moja. "Umefundisha mambo ya wanyama mpaka ukaota mvi, leo duma anamwita mwanawe unasema nimwondoe. Haya, nikimwondoa, nikuweke wewe juu ya kichuguu?" Kwenye safu ya mbele kichwa chenye mvi kikaanza kugeuka, polepole, kikipita kiti baada ya kiti, kikinitafuta. Nikanyanyua mikono yote miwili kumwashiria mwendesha projekta asimamishe filamu. Yeye, na sehemu hii haimo katika hadithi anayowasimulia, alielewa kwamba ninataka sauti ipandishwe, akaipandisha. Kwa hiyo maneno yaliyofuata, "Lia tu, mama, hata mimi nalia," yalisikika hadi kwa walinzi wa getini, na mtoto wa duma akachomoka nyasini mbio kana kwamba ni mimi niliyemwita.

Taa ziliwashwa, waliodhani ni ubunifu wakapiga makofi, nikaenda kuomba radhi, naye akanijibu kwa neno moja ambalo sikulisikia kwa vicheko. Maoni yake mapya yamefika leo asubuhi, na ni mafupi kuliko yote aliyowahi kuniandikia: "Dakika ya 4, sekunde ya 12: ndege abaki. Msimulizi aondolewe."